Umeme wa nyuklia wakubwa wakinuna: njia ya India, Iran, Imarati au Bangladesh?

Tangu Kenya ianze kutafuta mahali pa kujenga kinu cha nyuklia, kwanza Uyombo kule Kilifi na baadaye Siaya, na tangu Uganda iitaje Buyende, mabishano ya vijiweni yamekuwa na sura ile ile. Mmoja anasema tufanye kama Iran, tusiombe ruhusa ya mtu. Mwingine anasema tufanye kama Dubai, tusaini tujengewe. (Kituo chenyewe kiko Abu Dhabi, katika Imarati hiyo hiyo, yaani Umoja wa Falme za Kiarabu, lakini hilo tuliache.) Wa tatu anaitaja India. Majina ya nchi yanarushwa mezani kama karata, na anayerusha haelezi nchi hiyo ilifanya nini hasa, ililipa nini, na mwisho wa safari taa ngapi ziliwaka.

Ulinganisho huu ni wa yule aliyekwama katikati: mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, mwandishi wa habari, diwani atakayeulizwa barazani. Nimechukua nchi nne zilizotafuta umeme wa nyuklia huku wakubwa wakizitupia jicho, kila moja kwa njia yake.

Kabla ya kuzipima, jambo moja liwekwe sawa. Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ule unaoitwa NPT, kinaipa kila nchi mwanachama haki ya kutumia nyuklia kwa amani. Kisheria hakuna anayekatazwa kinu cha umeme. Kelele huanzia kwenye mafuta yake. Urani inavyotoka ardhini ina asilimia 0.7 tu ya ile sehemu inayowaka. Vinu vingi vya umeme vinataka irutubishwe ifike asilimia 3 hadi 5. Bomu linataka kama 90. Mashine ni zile zile, na ukishafika asilimia 4 sehemu kubwa ya kazi ya kufika 90 umekwisha kuifanya. Kwa hiyo nchi yenye kinu haimnyimi mtu usingizi sana. Nchi yenye kiwanda cha kurutubisha urani ndiyo inayomkesheza balozi.

Vipimo vyangu

Nitaziuliza nchi zote maswali manne. Kuni: mafuta ya kinu yanatoka kwa nani, na huyo akinuna inakuwaje? Shinikizo: lilitoka wapi na lilishika wapi? Nasema lilishika kwa sababu shinikizo la kidiplomasia halifanyi kazi hewani. Linatafuta mpini wa kukamata, uwe mafuta, benki, meli au deni. Fedha: nani alilipa? Umeme: ni kiasi gani kimefika kwenye waya, na baada ya miaka mingapi? Kisha nitasema njia hiyo inamfaa nani.

Usalama wa vinu na hifadhi ya taka za miaka elfu ni mambo mazito, ila yanazigusa njia zote nne karibu sawasawa, kwa hiyo hayatusaidii kuchagua kati yake. Yanastahili makala yake.

India: kujitenga, kusubiri, kusamehewa

*Kuni.* India ilianza na kuni za kuombwa kama kila mtu. Kanada iliipa kinu cha utafiti kilichoitwa CIRUS, Marekani ikatoa maji mazito, yaani maji ya aina ya pekee yanayotumika ndani ya vinu vya namna hiyo, kikawaka mwaka 1960. Mwaka 1969 vinu viwili vya General Electric vikaanza kuzalisha umeme Tarapur, kwenye pwani ya kaskazini ya Mumbai, vikitumia urani iliyorutubishwa Marekani. Halafu tarehe 18 Mei 1974, katika jangwa la Pokhran, India ikalipua kifaa cha nyuklia kwa plutoniamu, malighafi nyingine ya bomu, iliyotoka kwenye kile kinu cha msaada. Yenyewe iliuita mlipuko wa amani. Kanada haikucheka. Iliondoka Rajasthan na kuacha kinu cha pili kikiwa hakijaisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 1978 ya kudai ukaguzi wa vituo vyote, na mafuta ya Tarapur yakaingia matatani. Nchi zinazouza teknolojia hii zikaunda umoja wao wa kudhibiti biashara, Kundi la Wauzaji wa Nyuklia. Kwa maneno mengine, kanuni zinazoibana kila nchi changa leo zilizaliwa na India.

Hapa ndipo Wahindi walipofanya jambo ambalo wabishi wengi hawalitaji. Walishikilia vinu vya maji mazito, aina inayokula urani mbichi bila kurutubishwa. Walikimalizia wenyewe kile kinu cha Rajasthan kikaanza kazi mwaka 1981, kisha wakajenga vingine kwa mfano huo. Yaani uchaguzi wa aina ya kinu ulikuwa uamuzi wa kidiplomasia: ukichagua kinu kinachokula kuni mbichi, yule mwenye kiwanda cha kurutubisha hana cha kukunyima. Tatizo lilibaki kwamba urani yao ya Jharkhand ni haba na hafifu, na kufikia miaka ya 2007 na 2008 vinu vilikuwa vikiendeshwa karibu nusu ya uwezo kwa kukosa mafuta.

*Shinikizo.* Miaka 34 nje ya soko. Majaribio mengine ya mwaka 1998 yaliongeza vikwazo. Mlango ulifunguka tarehe 18 Julai 2005, Manmohan Singh alipokubaliana na George W. Bush kwamba India itatenganisha vinu vya raia na vya jeshi, na vya raia vikaguliwe. Ajabu ni kwamba vita vikali kuliko vyote vilipiganwa Delhi kwenyewe. Vyama vya mrengo wa kushoto vilisema makubaliano hayo ni kujifunga kamba ya Marekani, vikaondoa uungaji mkono wao, na serikali ikanusurika kura ya imani ya tarehe 22 Julai 2008 kwa 275 dhidi ya 256. Tarehe 6 Septemba mwaka huo Kundi la Wauzaji likaipa India ruhusa ya pekee, ingawa haijasaini NPT hadi leo.

Maoni yangu: India ilisamehewa kwa sababu ni kubwa, na kwa sababu Washington ilikuwa ikiitazama China. Nchi ya watu milioni 50 isitarajie msamaha wa namna hiyo.

*Fedha.* Yao wenyewe kwa sehemu kubwa. Walicholipa zaidi ni muda. Hata baada ya mlango kufunguka, sheria yao ya fidia ya mwaka 2010, iliyoruhusu msambazaji wa vifaa kudaiwa ajali ikitokea, iliwafanya Wamarekani na Wafaransa wasite kwa miaka mingi. Warusi pekee ndio waliojenga, Kudankulam huko Tamil Nadu, na huko nako wavuvi waliandamana.

*Umeme.* Asilimia kama 3 tu ya umeme wa India, baada ya zaidi ya nusu karne. Lakini leo wanajenga wenyewe vinu vya megawati 700. Cha kwanza, cha Kakrapar huko Gujarat, kiliunganishwa na gridi Januari 2021.

*Inamfaa nani?* Taifa kubwa, lenye subira ya vizazi viwili na wahandisi kwa maelfu. Shule ya kufundishia wataalamu wa nyuklia ilifunguliwa Trombay mwaka 1957, miaka 12 kabla ya umeme wa kwanza. Ila kuna mlango uliofungwa: India haikusaini NPT, nasi huku Afrika Mashariki tumesaini. Kujitoa ni habari nyingine kabisa, na nchi pekee iliyowahi kutangaza kujitoa ni Korea Kaskazini. Kwa hiyo kwa Mkenya au Mganda njia hii haikopwi nzima. Yanayokopeka ni ile akili ya kuchagua kinu na ile ya kusomesha watu mapema.

Iran: haki kwanza, taa baadaye

*Kuni.* Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayeisikia Iran kuanzia mwaka 2002 anadhani ni nchi iliyoamka asubuhi ikataka ugomvi. Kinu cha kwanza cha Tehran, cha utafiti, kilitoka Marekani na kuanza mwaka 1967. Iran ilisaini NPT mwaka 1968. Mwaka 1974 Shah, mfalme wa Iran, alitangaza kwamba anataka megawati 23,000 za nyuklia, na wauzaji wa Magharibi walipanga foleni. Wajerumani wakaanza kujenga Bushehr mwaka 1975. Iran ikaikopesha Ufaransa dola bilioni moja na kupata, kwa mzunguko, hisa ya asilimia 10 katika kiwanda cha kurutubisha urani cha Eurodif.

Mapinduzi ya 1979 yakaja. Serikali mpya yenyewe iliivunja mikataba mingi mwanzoni, na hilo lazima lisemwe. Lakini ilipobadili mawazo na kudai urani yake ya Eurodif, haikupata hata gramu. Ugomvi wa fedha ulimalizwa mwaka 1991. Wajerumani hawakurudi Bushehr, na ndege za Iraq zililipiga jengo hilo mara kadhaa wakati wa vita. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: Tehran ilichota funzo hilo hapo, na hadi leo maofisa wake wakiulizwa kwa nini hawanunui mafuta kama wengine, wanaitaja Eurodif.

Kosa lilikuwa kuifuata hoja hiyo gizani. Michoro ya sentrifuji, yaani zile mashine za kurutubishia, ilinunuliwa katika mtandao wa magendo wa Mpakistani A. Q. Khan. Kiwanda cha Natanz kilifichuliwa Agosti 2002 na wapinzani wa serikali walioko uhamishoni. Fordow, kilichochimbwa ndani ya mlima karibu na Qom, kilijulikana kwa dunia Septemba 2009. Mwenye haki akiitumia kwa kujificha, jirani haulizi tena kuhusu haki, anauliza kilichofichwa.

Na kuna kinaya kinachonishangaza kila nikisoma historia hii. Kituo pekee cha nyuklia kinachotoa umeme Iran, Bushehr, kinatumia mafuta ya Urusi, na yakishatumika yanarudi Urusi. Urani ya Natanz, iliyoigharimu nchi yote haya, haijawahi kuwasha balbu ya Bushehr.

*Shinikizo.* Hakuna nchi iliyoshikwa kwa mipini mingi hivi. Februari 2006 bodi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ililipeleka suala hilo Baraza la Usalama. Azimio 1737 la Desemba 2006 lilileta vikwazo, na mengine yakafuata hadi 1929 la Juni 2010. Mwezi mmoja kabla ya hilo la mwisho, Brazil na Uturuki zilikuwa zimefika Tehran na kukubaliana kwamba kilo 1,200 za urani zikahifadhiwe Uturuki, Iran ipewe mafuta ya kinu chake cha utafiti. Nchi mbili zinazoinukia zilijaribu kupatanisha; wakubwa walipokea karatasi ile kwa shukrani baridi na kura ikapigwa hata hivyo, Brazil na Uturuki zikisema hapana. Mwaka 2012 Ulaya iliacha kununua mafuta ghafi ya Iran, na benki za Iran zikakatwa kwenye SWIFT, mfumo wa kupitishia malipo kati ya benki za dunia. Wanasayansi waliuawa mitaani. Kirusi cha kompyuta kiliingizwa Natanz kikaharibu mashine.

Tarehe 14 Julai 2015, Vienna, Iran na wakubwa walikubaliana mkataba: urutubishaji usizidi asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, na vikwazo viondolewe. Tarehe 8 Mei 2018 Donald Trump aliiondoa Marekani, wakati wakaguzi wa kimataifa walikuwa wakiripoti kwamba Iran inatimiza masharti. Iran nayo ikaanza kuvuka mipaka mwaka uliofuata, na Aprili 2021 ikafika asilimia 60, kiwango ambacho hakuna kinu cha umeme kinachokihitaji. Juni 2025 Israeli ilianza kuishambulia tarehe 13, na tarehe 22 ndege za Marekani zikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. Septemba ya mwaka huo vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikarudishwa kwa madai ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani.

Iran inasema bomu ni haramu kidini na kwamba haijawahi kulitaka. Wapinzani wake wanauliza asilimia 60 ni ya kupikia nini. Msomaji ana haki ya kuyasikia yote mawili.

*Fedha.* Usiitafute gharama kwenye bei ya saruji ya Bushehr. Itafute kwenye mafuta ghafi yasiyouzwa na kwenye sarafu. Wakati wa mkataba wa 2015 dola moja ilikuwa kama rial 32,000 sokoni. Mwaka 2025 ilivuka milioni moja. Ufisadi na usimamizi mbovu vina sehemu yao, lakini vikwazo vina sehemu kubwa.

*Umeme.* Megawati 1,000. Bushehr iliunganishwa na gridi Septemba 2011, miaka 36 baada ya jembe la kwanza. Ni sehemu ndogo sana ya umeme wa nchi yenye zaidi ya watu milioni 85, na siku hizi kila kiangazi mgao wa umeme unafunga ofisi.

*Inamfaa nani?* Taifa linaloweka haki ya kutengeneza kuni zake mbele ya mwanga wenyewe, na lenye kitu cha kuliwezesha kuishi miaka 20 ya kubanwa. Iran ilikuwa na mafuta, gesi na milima. Ambaye haja yake ni kuondoa mgao wa umeme, njia hii haimfikishi huko. Lakini anayesema Wairani ni wakaidi tu hajaisoma Eurodif.

Imarati: kuinama mapema

*Kuni.* Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Imarati iliinama kabla ya kuambiwa. Sera yake ya Aprili 2008 ilisema nchi haitarutubisha urani wala kuchakata mafuta yaliyotumika. Ikaliandika katazo hilo katika sheria yake, na tena katika makubaliano na Marekani yaliyoanza kufanya kazi Desemba 2009. Mwaka 2012 ilisaini mikataba sita ya mafuta na kampuni mbalimbali, yenye thamani ya kama dola bilioni 3. Hapo pana ujanja: ukinunua kwa wengi, mmoja akinuna unamgeukia mwingine.

*Shinikizo.* Dogo. Na katika makubaliano yale waliacha mlango wa nyuma: Marekani ikimpa jirani yeyote wa Mashariki ya Kati masharti mepesi zaidi, Imarati inaweza kudai mazungumzo upya. Aliyeinama hakuwa mjinga.

*Fedha.* Mkataba wa dola bilioni 20 walipewa Wakorea Kusini wakiongozwa na kampuni yao ya umeme, KEPCO, Desemba 2009. Mwaka 2016 mpango wa fedha ulitajwa kuwa dola bilioni 24.4. Ni fedha za Abu Dhabi hasa. Ukiziondoa hizo, hadithi yote inabadilika.

*Umeme.* Vinu vinne katika kituo cha Barakah, megawati 5,600, karibu robo ya umeme wa nchi. Ujenzi ulianza 2012. Kinu cha kwanza kilipangwa 2017 kikaunganishwa Agosti 2020, cha nne kikaanza biashara Septemba 2024. Ndugu zetu wanaofanya kazi Abu Dhabi wanawasha viyoyozi kwa umeme wa Barakah na wengi wao hawana habari.

*Inamfaa nani?* Mwenye fedha, mwenye haraka, na asiye na ndoto ya kurutubisha. Kwa nchi yenye urani ardhini, kama Tanzania na Mto Mkuju wake kule Namtumbo, kusaini ahadi ya namna hii kunauma: ni kukubali kuuza malighafi na kununua tena kilichopikwa. Hata hivyo Kazakhstan, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na Namibia yetu ya Kusini huuza urani bila kuendesha kiwanda kikubwa cha kurutubisha. Kuumia si lazima kuwe hasara.

Bangladesh: kukopa kwa mmoja

*Kuni.* Urusi inaleta mafuta, Urusi inayachukua yakishatumika. Shehena ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2023. Mlango mmoja, ufunguo mmoja.

*Shinikizo.* Hakuna anayeiogopa Bangladesh kwamba itaunda bomu, kwa hiyo kuni hazikuwa tatizo. Shinikizo lilikuja kupitia ugomvi usio wake. Desemba 2022 meli ya Urusi, Ursa Major, ilikuwa njiani na vifaa vya kituo cha Rooppur. Wamarekani wakaijulisha Dhaka kwamba ni meli iliyokwisha wekewa vikwazo, ikiwa imebadilishwa jina. Dhaka ikaikatalia bandari. Ikazunguka hadi maji ya India, nako haikushusha mzigo. Mwanzoni mwa 2023 meli 69 za Urusi zilizuiwa. Kisha malipo: benki za Urusi zikiwa zimefungiwa dola, Aprili mwaka huo pande mbili zilikubaliana deni la dola milioni 318 lilipwe kwa yuan ya China. Fikiria hali ya mhasibu wa Dhaka aliyetaka kulipa deni halali akakosa benki ya kupitishia.

*Fedha.* Dola bilioni 12.65, na Urusi imekopesha asilimia 90. Kukopa harusi, kulipa matanga. Misri imepita njia hiyo hiyo huko El Dabaa, kwa mkopo wa dola bilioni 25. Uturuki ilichagua tofauti: kituo chake cha Akkuyu ni mali ya Warusi wenyewe, wanajenga, wanamiliki na kuuza umeme. Hapo deni halipo kwa serikali, ila mwenye nyumba ni mgeni.

*Umeme.* Vinu viwili vya megawati 1,200 kando ya mto Padma. Wazo lilianza miaka ya 1960, eneo likiwa bado Pakistan ya Mashariki. Zege la kwanza lilimwagwa Novemba 2017, umeme ukaahidiwa 2023, na tarehe zikasogezwa zaidi ya mara moja. Waziri Mkuu aliyeusimamia mradi, Sheikh Hasina, aliondolewa madarakani Agosti 2024, ujenzi ukaendelea. Deni halipinduliwi.

*Inamfaa nani?* Nchi yenye watu wengi, isiyo na fedha taslimu, isiyotaka kurutubisha, na inayoamini mkopeshaji wake hatagombana na dunia ndani ya miaka 30. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu.

Sasa uchague vipi?

Kama unachotetea ni uhuru wa taifa, usitaje Iran tu kisha ukae. India inaibeba hoja hiyo vizuri zaidi kwa upande wa teknolojia, Iran inaibeba vizuri zaidi kwa upande wa haki ya kisheria, maana yenyewe ni mwanachama wa NPT. Ukizichanganya utabanwa na mpinzani makini.

Kama hitaji ni umeme ndani ya miaka 15, tazama Imarati na Bangladesh, na uamue kwa kutazama mfuko. Mwenye fedha zake ana nafasi ya kujadili mafuta na wauzaji wengi. Anayekopa anafungwa na mkopeshaji hata kwenye kuni. Tanzania ina mfano wake wa nyumbani, ingawa si wa nyuklia: bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililojengwa ndani ya Selous huku UNESCO na wahifadhi wa Ulaya wakipiga kelele. Uwe ulikubaliana nao au la, angalia kwa nini kelele hazikusimamisha kazi. Serikali ililipa kwa fedha zake na makandarasi walikuwa Wamisri. Hapakuwa na benki ya kimataifa ya kukatiwa mkopo, kwa hiyo shinikizo halikupata pa kushika.

Kama nchi yako ina gridi ndogo, simama kwanza. Wahandisi wa umeme wana kanuni ya mkono kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi yote, kwa sababu siku ukizima ghafla unazima na nchi. Mahitaji ya juu ya Kenya hayajafika mbali na megawati 2,300 au 2,400. Kinu kimoja cha 1,000, cha aina ya Bushehr, ni zaidi ya theluthi ya hapo. Kwa nchi ya namna hiyo ulinganisho wa Iran na Imarati ni wa mapema. Swali la kwanza ni kuunganisha gridi na majirani, au kusubiri vinu vidogo vithibitike kwingine.

Kama ardhi yako ina urani, usikubali ahadi ya kudumu ya kutorutubisha bila kuomba kile kifungu cha Imarati cha kurudi mezani jirani akipata nafuu. Hakigharimu kitu wakati wa kusaini.

Na kama wewe si serikali, ni mkazi wa Uyombo, Siaya au Buyende unayealikwa barazani kutoa maoni, wataalamu watakuja na picha za kinu na michoro ya usalama. Waombe pia mkataba wa mafuta. Uliza ni kampuni ngapi zimetajwa humo, malipo yanapitia benki ya nchi gani, na mafuta yakishatumika yanapakiwa kwenye meli ya nani.